Wenye Land Cruiser za 2F: kabla hujagusa jeti za kabureta, kagua kichwa na manifoldi

SilindaSita (Morogoro)

Wakuu, habari za jioni.

Naanzisha uzi huu kwa sababu gereji kwangu kila mara zinaingia Land Cruiser za zamani, FJ40, FJ45 na FJ60, zenye injini ya petroli ya silinda sita ya F au 2F, na mwenye gari anakuja na hukumu mkononi: "kabureta imekufa". Wengine wameshanunua kabureta mpya ya kopi na ile Aisin ya asili wameiuza chuma chakavu. Inafungwa mpya, gari inamisi vilevile, moshi uleule, mafuta yanaisha vilevile. Inaniuma, maana Aisin ya asili ikisafishwa vizuri bado inafanya kazi, na kuipata nyingine nzima sasa hivi si rahisi. Tuweke hapa tunayoyajua, ili mtu akitafuta akute sehemu moja.

Kwanza ujue injini unayoishika. F ya awali ni cc 3,878, kipenyo cha silinda mm 90. 2F iliyoingia mwaka 1975 ni cc 4,230, kipenyo mm 94. Mwendo wa pistoni ni uleule, mm 101.6. Kwa macho zinafanana sana, na hapo ndipo watu wanauziwa gasketi ya kichwa isiyo yake. Gasketi ya F ukiipachika kwenye 2F, ukingo wake wa chuma unaingia ndani ya silinda karibu milimita mbili kuzunguka. Unapigwa na moto moja kwa moja na haukai. Soma namba ya injini iliyogongwa kwenye bloku, na gasketi uipime kwa kaliba hapohapo dukani kabla hujatoa hela.

Jambo la pili ndilo kubwa. Kwenye injini hizi manifoldi ya hewa (mabomba yanayoingiza hewa na petroli) na manifoldi ya ekzosti (yanayotoa moshi) ziko upande mmoja wa kichwa, zimeungana katikati kwa bolti na zinatumia gasketi moja. Ya ekzosti inawaka moto, ya hewa inapoozwa na petroli inayopita ndani. Moja inatanuka kuliko nyingine, miaka arobaini sasa. Matokeo yake zinapinda, hasa kwenye ncha, yaani silinda ya 1 na ya 6, na hewa inaingia bila kupita kwenye kabureta.

Sasa fuatilieni kinachotokea, maana hapa ndipo kabureta inaposingiziwa. Ikiwa kwenye sailensa, yaani inanguruma bila kukanyagwa mafuta, injini inapata hewa ya ziada, mchanganyiko unakuwa mwepesi na inatetereka. Fundi anafungua skrubu ya sailensa kuongeza petroli. Gari inatulia kidogo, mwenyewe anafurahi. Lakini ile hewa ya wizi imeshashusha vakyumu (nguvu ya kunyonya) ndani ya manifoldi, na ndani ya Aisin kuna pistoni ndogo inayoshikiliwa juu na vakyumu hiyohiyo. Vakyumu ikishuka, springi inaisukuma chini, inafungua pawa valvu, na petroli ya nyongeza iliyokusudiwa kwa kupanda mlima na mzigo inamwagika hata barabara ikiwa tambarare. Kwa hiyo gari moja inakuwa na njaa ya petroli ikisimama na inalewa petroli ikitembea. Hakuna jeti (kile kitundu cha kabureta kinachopima petroli) duniani itakayotibu hilo.

Kukagua ni rahisi. Injini ikiwa inanguruma kwenye sailensa, puliza maji ya sabuni kidogo kidogo kwenye viungio vya manifoldi na kichwa, kuanzia silinda ya 1 hadi ya 6, halafu chini ya kabureta kwenye kitako chake. Mlio ukibadilika, umepata. Msipulize petroli wala dawa ya kusafishia kabureta. Ekzosti iko palepale chini, na magari yameungua kwa mchezo huo.

Ukikuta inavuja, usibadilishe gasketi peke yake. Fungua manifoldi zote mbili, ziunganishe zenyewe kwa zenyewe kwa bolti zake na gasketi ya katikati, zipeleke kwa fundi wa mashine azisawazishe zikiwa zimeungana hivyohivyo. Akisawazisha moja moja, ukija kufunga zinatofautiana kimo. Angalia pia zile washa nene zinazobana manifoldi mbili kwa pamoja: upande mmoja unakanyaga ya hewa, upande wa pili ya ekzosti. Zikitofautiana unene, moja inabanwa na nyingine inabaki imelegea. Wakati wa kurudisha, bolti za katikati ziache legelege, kaza kwanza kwenye kichwa, kisha ndiyo umalizie za katikati.

Karibuni mchangie. Jeti zenyewe tutafika.

BintiGereji (Arusha)

Mkuu umegusa penyewe. Naongeza tapeti, yaani ile nafasi ndogo kati ya valvu na roka, mkono unaoisukuma. Wengi wanaoleta 2F inayomisi hawajapima tapeti tangu wanunue gari. Kipimo injini ikiwa ya moto ni mm 0.20 upande wa hewa na 0.35 upande wa ekzosti. Zinafuatana 1-5-3-6-2-4, kwa hiyo silinda zinakwenda wawili wawili: 1 na 6, 5 na 2, 3 na 4. Zungusha injini hadi uone roka za silinda ya 6 zinapishana, moja inapanda na nyingine inashuka, hapo weka za silinda ya 1. Za 2 zikipishana weka za 5, za 4 zikipishana weka za 3, halafu kinyume chake. Huhitaji kukumbuka orodha ya valvu kumi na mbili kichwani.

Na watu wanapenda tapeti kimya. 2F yenye tapeti sahihi inalia tik-tik kidogo. Ikiwa kimya kabisa mimi naogopa, maana ekzosti valvu isipokaa vizuri kwenye siti yake haipoi, na mwisho wake inaungua ukingo.

ChepFJ (Eldoret)

Hamjambo wadau. Nina FJ45 pikapu, 2F, nimeitoa Mombasa kwa mjomba wangu. Kule ilikuwa inatembea vizuri. Hapa Eldoret inatoa moshi mweusi, plagi zinakuwa nyeusi kama masizi, na kupanda kuelekea Timboroa inakata pumzi kabisa. Fundi wa kwanza amesema kompresheni imeisha, silinda zote ziko karibu psi 120, nifanye overhaul. Wa pili ameweka geji ya vakyumu, ikaonyesha inchi 13 za zebaki, akasema valvu zimeungua, nitoe kichwa. Bei walizotaja ni kubwa. Nifuate yupi?

SilindaSita (Morogoro)

ChepFJ, usifuate yeyote bado. Weka spana chini.

Eldoret iko kama mita 2,100 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ina uzito wa asilimia 81 hivi ya ile ya Mombasa. Vakyumu ya injini nzima pwani inasoma inchi 17 hadi 21, na inapungua inchi moja hivi kwa kila mita 300 unazopanda. Ukitoa inchi saba, inchi 13 Eldoret ni afya. Kompresheni ni vilevile. Psi 150 hivi ndiyo ya kawaida pwani, na kwa hewa ya Eldoret 120 ni palepale inapotakiwa kuwa. Cha kuangalia ni tofauti kati ya silinda na silinda. Zote sita zikiwa karibu karibu, kichwa chako na ringi zako hazina deni. Ingekuwa tano zina 120 na moja ina 80, hapo tungeongea mengine.

Tatizo lako ni la mwinuko, na hapa sasa jeti zinaingia. Kabureta inapima hewa kwa ujazo, haijui uzito wake. Ukipanda, hewa inapungua uzito haraka kuliko petroli inavyopungua kwenye jeti, mchanganyiko unakuwa mzito. Hesabu yake: ukigawa moja kwa kipeuo cha pili cha uwiano wa uzito wa hewa unapata uzito wa mchanganyiko. Arusha mjini, mita 1,400, umezidi kama asilimia 7. Nairobi, mita 1,800 hivi, asilimia 9. Eldoret kwako asilimia 11.

Asilimia 11 inasikika nyingi, lakini kwenye kipenyo cha jeti ni kidogo mno, kwa sababu tundu linapitisha kwa eneo na siyo kwa kipenyo. Jeti ya mm 1.20 ya pwani, Arusha inataka 1.16, Nairobi 1.15, Eldoret 1.14. Ni sehemu sita za mia za milimita tu kutoka Mombasa hadi kwako. Ndiyo maana nakasirika nikiona fundi anatanua jeti kwa waya au sindano "ili gari ipate nguvu". Kutoka 1.20 kwenda 1.30 ameongeza eneo kwa asilimia 17, na tundu limeshakuwa na mikwaruzo isiyotabirika. Jeti iliyochokonolewa tupa.

Anza hivi: kagua uvujaji kama nilivyoandika juu, weka tapeti kama alivyosema BintiGereji, kisha taimingi, yaani wakati plagi inapotoa cheche. Kwenye fulaiwili kuna alama ya mstari, ambayo ni pistoni ya 1 kileleni, na kuna kigololi kidogo cha chuma kilichopachikwa, ambacho ni digrii 7 kabla ya kilele. Kiwandani wanaweka kigololi kikiwa sailensa ya mizunguko 650, paipu ya vakyumu ya distribyuta ikiwa imetolewa na kuzibwa. Huko juu unaweza kuitanguliza digrii mbili hadi nne zaidi, kwa sababu hewa nyepesi inaungua polepole na haigongi kirahisi. Sikiliza wakati wa kupanda na mzigo. Ikigonga, rudisha.

Baada ya hapo ndipo uniletee picha ya plagi zote sita.

PwaniSeif (Mombasa)

Shikamoo SilindaSita. Maelezo yamekaa vizuri. Swali dogo kwa niaba yetu wa pwani ambako mwinuko hakuna: mie gari yangu inazima kila nikiachia mafuta, ikitembea haina neno. Nimesafisha kabureta, jeti ya sailensa nimeipuliza kwa kompresa, bado.

SilindaSita (Morogoro)

Marahaba, Seif. Washa swichi bila kupiga stata, weka kidole kwenye ile solenoidi ya shaba iliyo na waya pembeni ya kabureta. Unatakiwa uhisi inagonga "ka" swichi ikiwashwa na tena ikizimwa. Kazi yake ni kufunga njia ya petroli ya sailensa ukizima gari. Isipopata umeme, njia imefungwa muda wote na gari haitakaa sailensa hata ukiisafisha mwaka mzima. Mara nyingi ni waya umeoza tu, na huko kwenu chumvi inakula sana viungio. Peleka waya wa majaribio kutoka betri, ikigonga na gari ikitulia, tengeneza waya, solenoidi ni nzima.

Ukiwa hapohapo, tazama kile kioo cha mviringo kwenye mtungi wa floti. Gari ikiwa imesimama tambarare na inanguruma, petroli iwe usawa wa katikati ya kioo. Ikiwa juu ya hapo, sindano ya floti inavuja au floti imetoboka, na hiyo nayo watu wanaiita "jeti kubwa".

L28Patroli (Dodoma)

Wakuu msitusahau wenye Nissan. Patroli 160 ya petroli ina L28, silinda sita kwa mstari pia, cc 2,753, ila kichwa ni cha aluminiamu na kamshafti (shina linalofungua valvu) iko juu. Ni ukoo mmoja na L24 ya Datsun 240Z iliyoshinda Safari Rally mwaka 1971 kwa Edgar Herrmann na 1973 kwa Shekhar Mehta. Tapeti zake za moto ni 0.25 na 0.30. Msichukue namba za Toyota mkaweka humu.

Kwetu adui ni kuchemsha. Chuma cha 2F kinavumilia, aluminiamu haivumilii. Ikichemsha mara moja vibaya, kichwa kinapinda kama kipande cha mkate wa moto. Na hapa kuna kitu mafundi wengi wanakosea: kamshafti inakaa ndani ya kichwa hichohicho. Wakisawazisha sehemu ya chini tu, vikalio vya kamshafti juu vinabaki vimepinda, kamshafti inazunguka kwa shida, na inaweza kukatika. Kabla ya kusawazisha izungushe kamshafti kwa mkono, roka zikiwa zimetolewa. Ikikwama sehemu, kichwa kinatakiwa kinyooshwe kwanza. Pia ukipunguza kimo cha kichwa, cheni ya taimingi inalegea na taimingi ya valvu inachelewa.

Na mwenye kabureta mbili za mtindo wa SU, kama zile za 240Z: kinachoamua petroli pale ni sindano inayopanda na kushuka ndani ya jeti. Angalia oili ya dampa kwanza. Ikikauka, gari inasita kila ukikanyaga.

BintiGereji (Arusha)

Nakubali kabisa habari ya kamshafti.

Kwa wa 2F wanaotoa kichwa, naomba niongelee siti za valvu, kwa sababu ni kitu kinachokuja taratibu. Injini hizi ziliundwa enzi za petroli yenye risasi, na ile risasi ilikuwa inaweka utando kati ya valvu na siti. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikubaliana Dakar mwaka 2001 kuiondoa, na mwanzoni mwa 2006 ilikuwa imekwisha kwenye pampu. Ilikuwa uamuzi mzuri, risasi ilikuwa inaharibu ubongo wa watoto wetu. Lakini injini ya zamani inayobeba mzigo mkubwa kwa mwendo mrefu, siti yake laini ya ekzosti inaweza kuliwa na valvu ikazama. Dalili yake: kila ukipima tapeti za ekzosti unakuta nafasi imepungua, hasa silinda moja au mbili. Tapeti za kawaida zinalegea kadiri chuma kinavyolika. Zikikaza zenyewe, valvu inazama.

Dawa ni fundi wa mashine kukata siti na kupachika pete ngumu, siyo kusaga kwa dawa ya mchanga kila mwaka. Kila ukisaga unaizamisha zaidi. Uso wa kichwa upimwe kwa rula ya chuma na fila (vibati vyembamba vya kupimia nafasi), kwa urefu na kwa pembe zote mbili. Mimi nikipitisha fila ya 0.15 napeleka kusawazishwa.

Vipuri vingi vya kichwa sasa tunaagiza kupitia watu wanaokwenda Sharjah na Dubai. Kule Land Cruiser hizi zinapendwa sana jangwani na bado vinapatikana. Mwambie akutumie picha ya kila kipande na kaliba imeshikwa juu yake.

ChepFJ (Eldoret)

Wadau nimerudi. Mzee alikuwa sawa kuhusu uvujaji, upande wa silinda ya 6 nilipopuliza maji ya sabuni mlio ulishuka wazi kabisa, na zile washa mbili za mwisho hazikulingana unene. Manifoldi zimesawazishwa zikiwa pamoja, tapeti zimewekwa, taimingi iko digrii 10. Moshi mweusi umepungua sana, na sailensa imetulia. Geji ya vakyumu inasoma 14 na sindano haitikisiki. Ila plagi bado ni nyeusi kavu kidogo zote sita, na kwenye mlima bado ni nzito kidogo. Sasa naweza kugusa jeti?

SilindaSita (Morogoro)

Sasa ndiyo. Zote sita kuwa na rangi moja ni habari njema, maana shida iliyobaki ni ya pamoja na inatoka kwenye kabureta. Zingekuwa mbili nyeusi na nne safi nisingekuruhusu.

Toa jeti kuu ya koo la kwanza peke yake. Ipime kwa shina la drili ndogo, lipite bila kuzungushwa. Usitegemee namba iliyogongwa, huwezi kujua imepita mikono mingapi. Ukikuta ni 1.20, tafuta 1.14 au 1.15. Ukikuta imeshatanuliwa, tafuta mpya. Koo la pili liache kwa sasa, linafunguka ukikanyaga sana tu, na petroli ikiwa nyingi kidogo pale inailinda injini ikiwa na mzigo. Kagua pia pawa valvu: mfuniko ukiwa wazi, ile pistoni ndogo ishuke na kupanda kwa ulaini. Ikiwa inakwama kwa utando wa petroli ya zamani, isafishe, usiisugue kwa msasa.

Kisha endesha mlima mrefu na mzigo, zima injini ukiwa bado unavuta, weka free, egesha pembeni na utoe plagi papo hapo. Ukizima baada ya kukaa sailensa, utasoma sailensa. Ufinyanzi wa plagi, ile sehemu inayozunguka ncha yake ya ndani, uwe rangi ya udongo mkavu. Ukiwa mweupe na una vidoa vya kung'aa, umepunguza kupita kiasi, rudi nambari moja juu siku hiyohiyo.

Na hizo jeti za pwani ziweke kwenye kibati ndani ya gari. Ukiishusha gari Mombasa kwa safari ndefu yenye mzigo, zirudishe, kwa sababu 1.14 kule chini inakuwa na njaa na ekzosti valvu ndizo zitakazolipa.

PwaniSeif (Mombasa)

Ilikuwa waya wa solenoidi. Umeoza ndani ya ngozi yake, kwa nje mzima. Ahsante sana, mzee wangu.

Na mie nina kichwa cha F kimetoka kusawazishwa leo. Nikikifunga kwa takribani Nm 125 basi, au kuna la ziada?

BintiGereji (Arusha)

Kaza kwa awamu tatu kaka, kuanzia katikati kwenda nje, nyuzi za bolti ziwe zimepakwa oili kidogo na matundu ya bloku hayana maji wala oili chini, maana bolti ikikuta maji chini inaweza kupasua bloku. Weka tapeti za baridi kwa kukadiria, washa, hakikisha unaona oili inafika kwenye roka zote kabla hujafunika, iache ipate moto kamili hadi themostati ifunguke. Zima, iache ipoe hadi asubuhi, kisha pitia bolti tena kwa mpangilio uleule. Kuna zitakazokubali kuzunguka kidogo. Ukishakaza upya kimo cha kichwa kimebadilika, kwa hiyo ipashe moto tena na upime tapeti upya, 0.20 na 0.35, kabla hujairudisha barabarani.